Kesi ya Simu Isiyo na Laini

Paukwa! Pakawa!

Hapo kale, lakini si kale ya mababu, maana minara ya simu ilikuwa imekwisha simama Voi na vijana wa nyani walikuwa wakikesha mitandaoni, wanyama wa Tsavo waliingiwa na homa ya magari ya umeme. Petroli ilikuwa imepanda mpaka Twiga peke yake ndiye aliyeweza kuitazama bei yake bila kuumia shingo. Ndipo Sungura, ambaye asubuhi alikuwa dalali na mchana alikuwa wakili, akafungua yadi kando ya barabara kuu ya Mombasa na kutundika bango: UMEME HAUNA FOLENI.

Mteja wa kwanza alikuwa Mzee Kobe. Alifika na akiba ya miaka mingi iliyofungwa kwenye pindo la leso, akaulizia gari la bei ya chini kuliko yote yaliyokuwamo. Sungura akampeleka nyuma kabisa, chini ya mkwaju, ilikokuwa Nissan Leaf iliyoshuka melini Mombasa kutoka Japani. Betri yake ilikuwa ya kilowati-saa 24. Gari la namna hiyo likiwa jipya lilipimwa Marekani mwaka 2014 likapewa kilomita 135 kwa chaji moja. Hili la chini ya mkwaju lilikuwa limekula chumvi nyingi. Betri ya Leaf za namna hiyo haina mfumo wa maji wa kuipoza, kwa hiyo joto huitafuna taratibu, na mbele ya dereva kuna vipande 12 vinavyoonyesha uzima uliobaki. Vilikuwa vimebaki 9.

"Linafika wapi?" akauliza Kobe.

"Linafika popote, Mzee wangu. Ila kwa awamu."

"Hata mimi ndivyo ninavyofika," akasema Kobe, akafungua leso.

Nyumbani Kobe aligundua kwamba gari lake lina mwanamke ndani. Kila alipoliwasha asubuhi, sauti ya upole ilitoka kwenye dashibodi ikasema maneno ya Kijapani, kisha ikanyamaza. Kobe aliamini anaamkiwa. Aliitikia, "Marahaba, mwanangu," na siku ikaanza vizuri. Msomaji mwenye gari la mtumba kutoka Japani anamjua mama huyo. Haamkii mtu. Anakumbusha kwamba kadi ya ETC, ile ya kulipia barabara za kasi za Japani, haijaingizwa kwenye kifaa chake. Amevuka bahari ya Hindi, ameachishwa kazi, na bado anadai ushuru.

Skrini nayo ilikuwa na ramani nzuri sana ya Japani. Gari lilipokuwa likipita sokoni Voi, katikati ya matikiti na mitumba, lenyewe lilijiona liko kwenye njia ya kwao, limetulia, halijasogea hata hatua. Redio iliishia masafa ya 90, pale ambapo stesheni nyingi za huku ndipo zinaanza kuchangamka. Kitu kimoja tu kwenye gari lile kilimfurahisha Kobe kupita kiasi. Chaji ilipokaribia kwisha kabisa, gari lilipunguza nguvu lenyewe, na mbele yake ikawaka alama ndogo ya kobe.

"Wajapani wana adabu," aliwaambia majirani. "Kwao kobe ni ishara ya maisha marefu. Wametia picha ya ukoo wetu kwenye gari, tena huitoa wakati wa shida, watu wajue nani wa kutegemewa."

Hakuna aliyemsahihisha. Mzee akifurahi, mwache.

Wiki chache baadaye alikuja Mheshimiwa Fisi. Fisi alikuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Kulinda Mazizi, na kamati ilikuwa imepitisha bajeti ya kununua kondoo walinzi wa usiku. Ikaonekana ni busara fedha hizo zinunue gari la mwenyekiti kwanza, ili ayafikie mazizi upesi. Sungura hakumpeleka chini ya mkwaju. Alimpeleka kivulini, mbele ya kiyoyozi, palipokuwa na gari jipya lenye skrini pana kuliko sinia la pilau la harusi.

"Hili, Mheshimiwa, lina akili. Linajua njia, linajua foleni, linajua vituo vya chaji viko wapi. Simu huna haja nayo humu. Hata ukitaka kuiunganisha ili ramani yake ionekane kwenye skrini, gari linakataa."

"Linakataa?"

"Halitaki kuchanganywa, Mheshimiwa. Ni mambo ya kisasa hayo."

Hapo Sungura hakudanganya, na huo ndio ubaya wa Sungura. Mwaka 2023 General Motors ya Marekani ilitangaza kwamba magari yake mapya ya umeme hayatakuwa tena na CarPlay wala Android Auto, zile njia mbili za kuileta simu yako kwenye skrini ya gari. Tesla nao hawakuziweka tangu mwanzo. Kampuni ikiimiliki skrini, imekumiliki na wewe uliyeketi mbele yake: ramani ni yake, na kifurushi ni chake, na siku ikichoka, safari ni yako. Sungura aliligeuza jambo hilo likawa sifa. Fisi akacheka, kama kawaida yake, akatia sahihi. Kwenye ukurasa wa mwisho kulikuwa na maandishi madogo yaliyosema kifurushi cha ramani kinalipiwa peke yake. Fisi huwa hasomi kurasa za mwisho. Hata muhtasari wa kamati yake huusoma mpaka penye posho tu.

Kwa kuwa gari jipya lilidai simu mpya, Fisi alikwenda kwa Panya, fundi simu wa stendi, akampa simu yake ya zamani ili apunguziwe bei ya nyingine. Ilikuwa imepasuka kona ya kioo, na mgongoni ilikuwa na kibandiko cha kampeni: FISI TOSHA. Panya akaandika risiti, Fisi akaweka alama ya ukucha, wakaachana kwa heshima.

Kobe naye alikuwa na shida, tena shida ya kweli. Mwenye gari la petroli akipotea, amepoteza muda. Mwenye gari la umeme lenye vipande 9 akipotea, amelala huko huko. Kwake ramani si ya kujua njia peke yake. Ni ya kujua nani ana soketi, kama soketi hiyo ina athi, yaani waya wa ardhini, na kama mwenye nyumba ni mtu wa kumgongea usiku. Mambo hayo hayamo katika ramani ya Japani, wala katika ile skrini ya Fisi. Kobe akashika njia ya stendi, akafika kesho yake.

"Shikamoo, Mzee Kobe."

"Marahaba, mwanangu Panya. Nataka kitu cha kunionyesha njia, kisichonidai kila mwezi."

Panya akaipekua droo, akatoa simu ile yenye kona iliyopasuka. Kwanza akaingia kwenye mipangilio akaifuta yote, akairudisha ilivyotoka kiwandani. Haikumpa taabu, kwa sababu Fisi hakuwa ameweka hata nenosiri; alikuwa akilisahau. Simu nyingi za siku hizi, ukizifuta kwa mabavu bila kuitoa akaunti ya mwenyewe, hujifunga na kumtaka mwenyewe huyo kwa jina. Hii ilikuwa wazi kama ilivyoachwa. Panya akafuta picha, akafuta majina, akafuta historia ya safari, bila kusoma hata moja. Fundi simu mzuri hutambulikana kwa yale asiyoyasoma.

Laini hakuweka. Badala yake akatumia waifai ya kibanda chake kupakua ramani nzima ya Kenya na ya Tanzania kaskazini, ikakaa ndani ya simu. Ilikuwa ramani ya siafu. Wanyama wengine wakitaka ramani humwajiri Tai aangalie kutoka juu, kisha Tai huiuza. Siafu walipita kila kichochoro kwa miguu, kila mmoja akaandika kipande chake, wakaiacha wazi kwa yeyote. Wanadamu wana yao ya namna hiyo, OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Na mwaka 2009 vijana wa Kibera waliingia humo na kuuchora mtaa wao, ambao kwenye ramani za wakubwa ulikuwa kama doa tupu. Mabomba ya maji, vyoo, zahanati na shule vilianza kuonekana baada ya wenyewe kuvitembelea na kuviandika.

"Na bila laini itajuaje nilipo?" akauliza Kobe.

"Setilaiti, Mzee. Wamarekani wana setilaiti zaidi ya 24 huko juu, kilomita kama 20,200. Zenyewe husema saa ngapi na ziko wapi. Simu husikiliza tu. Ikizisikia nne, imejua ulipo. Haitumi kitu, hailipi kitu."

"Wamarekani hawadai?"

"Zamani walikuwa wakiichafua ishara ya raia kidogo makusudi, ili jeshi lao lione vizuri kuliko wengine. Waliacha Mei mwaka 2000. Mpaka leo hawajadai."

Kobe akatafakari hilo kwa muda mrefu, kama anavyotafakari yote.

Panya hakuficha kasoro. Simu hii, alisema, haitakuambia kuna foleni Mwatate wala kwamba lori limelala barabarani Maktau. Ukitaka hayo, iazime intaneti kutoka simu yako ya mfukoni kwa dakika mbili, kisha uikatie. Haipokei tena masasisho ya usalama, kwa hiyo M-Pesa isiingie humu hata kwa dawa. Usiiache kwenye dashibodi juani. Betri yake ikivimba, iondoe, usiitoboe. Ukiiweka wiki nyingi bila kuitumia, iache na chaji ya nusu. Na unapoianza safari baada ya kukaa sana, haina mnara wa kuisaidia kuzitafuta setilaiti, kwa hiyo iweke mahali penye anga wazi na uipe muda.

"Muda ninao," akasema Kobe.

"Halafu iweke katika hali ya ndege, chaji isiishe upesi."

Kobe akashtuka. Babu yake aliwahi kuingia katika hali ya ndege, kwa manyoya ya kuazima, na nyufa za mgongo wa ukoo mzima zinatokana na safari ile. Ilimbidi Panya amweleze mara ya pili kwamba simu haitaruka.

Tangu siku hiyo simu ile ilikaa katika kisanduku cha dashibodi, imezungushiwa kitambaa, na waya wake pembeni. Kila Kobe alipokaribishwa mahali penye umeme mzuri, alitia alama: kwa Bi. Kanga Mwatate, soketi ya sebuleni, athi ipo. Duka la Ngiri Maktau, alipwe kwa saa. Kwa Nungunungu, usiende, soketi inanuka moshi. Wanyama walimcheka. Walimwona asubuhi amesimama nje ya gari, chai mkononi, akiingojea simu izisikie setilaiti, wakasema mzee anamtafuta babu yake angani.

Ikaja harusi. Kiboko wa Ziwa Jipe alikuwa akimwoza bintiye, na wageni walialikwa kutoka Tsavo nzima. Kutoka Voi unapita Mwatate, unapita Bura, unafika Maktau, unaingia mbugani, na kabla hujafika Taveta kuna njia za vumbi zinazokata kushoto kuelekea ziwani. Ziwa lenyewe limelala mpakani, nusu Kenya, nusu Tanzania, na milima ya Upare imesimama ng'ambo yake.

Harusi ilikuwa Jumamosi jioni. Kobe aliondoka Alhamisi. Usiku wa kwanza alilala kwa Bi. Kanga, gari likinywa umeme kwenye soketi ya sebuleni kwa saa 10, wakazungumza habari za ukoo. Ijumaa alifika kwa Ngiri, akachaji tena, akacheza bao. Mheshimiwa Fisi aliondoka Jumamosi baada ya chakula cha mchana, muziki juu, kiyoyozi juu, na simu yake mpya ameibandika kwenye kioo cha mbele ili picha zake za njiani zitoke vizuri.

Hadi Maktau mambo yalikwenda. Baada ya hapo mtandao ulianza kukonda. Skrini pana ilionyesha kipande cha barabara, halafu nusu ya kipande, halafu ikabaki mshale mweupe katikati ya weupe. Ramani ya gari lile haikuwa ndani ya gari. Ilikuwa ikiletwa kijiko kwa kijiko kutoka mbali, na sasa mleta kijiko amerudi nyuma. Fisi akaigeukia simu ya kwenye kioo. Ilikuwa imekaa juani tangu Voi. Watengenezaji wengi wa simu huonya kwamba joto likipita nyuzi 35 haifai kuitumia, na juu ya 45 haifai hata kuihifadhi. Kioo cha mbele cha gari, saa tisa alasiri, Maktau, hakikuwahi kulisoma onyo hilo. Simu ikatoa ilani kwamba imepata joto, ikajizima.

Ilipopoa ikawaka, na hapo hapo ikaingia simu ya mdai wake wa kwanza, ikaifunika ramani kwenye njia panda. Fisi akaikata. Akapiga wa pili. Akaikata. Alipopata nafasi ya kutazama, simu ilikuwa imenasa mnara wa ng'ambo ya mpaka na kumkaribisha Tanzania, na salio lake lote likaenda kulipia ukarimu huo. Laini iliyojengewa ndani ya gari haikuwa na ruhusa ya kuvuka mpaka, ikaandika kwa ufasaha: HAKUNA HUDUMA.

Fisi akakata kushoto pasipo njia. Akaliona tuta la reli ya zamani ya Voi na Taveta, waliyoijenga Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akalifuata akidhani ni barabara mpya iliyofunguliwa na serikali kimya kimya. Akarudi. Akazunguka. Kiyoyozi hakukizima, kwa kuwa mwenyekiti hafiki harusini na jasho, na magurudumu yalipozama kwenye mchanga aliyakanyagia mafuta yasiyokuwepo. Chaji ikawa 30, ikawa 12, ikawa 4. Giza likashuka. Kisha gari likalegea lenyewe, na katikati ya skrini ile pana ikatokea alama, kubwa, ya rangi ya njano, inayong'aa.

Kobe.

Magari mengi ya umeme hutumia alama hiyo, si Leaf peke yake. Fisi hakulijua hilo. Alilia kwa sauti ambayo hata simba wa Maktau walinyanyua vichwa. "Mzee Kobe ameingia garini mwangu! Amenirogea gari!" Akatoka mbio, akajificha nyuma ya mbuyu, na ndipo alipoona taa mbili zikija polepole kutoka kwa Ngiri, na ndani yake, Mzee Kobe mwenyewe, amevaa kanzu ya harusi.

"Mheshimiwa," Kobe akateremsha kioo. "Hiyo si njia. Njia iko hapa. Ingia, biriani isipoe."

Fisi akaingia kiti cha nyuma akitetemeka. Mbele, kando ya usukani, simu ndogo ilikuwa ikionyesha kila njia ya vumbi hadi ufukweni, haina laini, haina bando, haijakaribishwa Tanzania. Fisi aliitazama kwa shukrani kwa muda wa kilomita kama mbili. Halafu gari likaruka shimo, simu ikageuka kwenye kishikilio chake, na taa ya ndani ikaangukia kibandiko cha mgongoni. FISI TOSHA.

Hamu ya biriani ikamwisha.

Harusini Kobe alikula, Fisi alifikiri. Alifikiri Jumapili, akafikiri Jumatatu gari lake lilipopandishwa kwenye lori na kurudishwa Voi kwa gharama ya kamati. Jumanne alifungua kesi.

Hakimu alikuwa Ngedere. Wazee walikwisha tuonya juu ya kesi ya nyani kupelekwa kwa ngedere, lakini mshtakiwa safari hii alikuwa kobe, hivyo hapakuwa na pingamizi. Sungura akasimama upande wa Fisi, katika joho lile lile alilouzia magari.

"Mheshimiwa Hakimu, mteja wangu anadai simu yake. Jina lake limo mgongoni. Simu imewaongoza wageni harusini, hivyo imezalisha faida, na faida ya mali ni ya mwenye mali."

Panya akaitwa. Akatoa risiti yenye alama ya ukucha wa Fisi na bei ya makubaliano. Hakimu akaitazama, akampa Sungura naye aitazame, na Sungura akaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kesi kwa haki ilikwisha hapo. Lakini Fisi, ambaye hakuwa amelala siku tatu, aliona Hakimu akinyoosha mkono kuichukua ile simu kama kielelezo, na roho ikamruka.

"Msiiwashe!" akapaza sauti. "Kabla hamjaiwasha, nieleze. Hizo safari za Kasigau usiku, nilikuwa nikikagua mazizi. Ni kazi ya kamati!"

Mahakama ikanyamaza.

"Safari zipi?" akauliza Ngedere.

"Zilizomo. Najua zimo, simu hizi hukumbuka kila unapokanyaga. Ule usiku wa mbuzi wawili, nilisimama pale dakika 40 tu, na mlango niliukuta wazi. Na ile ya pili, ya mwana-kondoo, muulizeni Mbweha, tulikuwa wawili!"

Sungura alikuwa akimvuta joho tangu neno "Kasigau". Mbweha, aliyekuwa amekuja kusikiliza tu, alikuwa amekwisha fika mlangoni.

Ngedere akamgeukia mshtakiwa. "Mzee Kobe, umeyaona hayo kwenye simu?"

Kobe akainuka, na kuinuka kwake kulichukua muda wake. "Mheshimiwa Hakimu, hamna kitu humo. Panya aliifuta siku ile ile, mbele yangu. Ina ramani, na ina soketi za jamaa zangu. Nilimwambia aifute kwa sababu sikutaka kubeba safari za mwingine. Zangu zinanitosha."

Hakimu Ngedere alitoa hukumu kabla ya chakula cha mchana. Simu ni ya Kobe, kwa risiti. Kibandiko ni cha Fisi, akikitaka akibandue mwenyewe. Gharama za kesi alipe mdai, na Sungura arudishe kwa kamati fedha za kifurushi cha ramani ambacho hakikuvuka Maktau. Ama kuhusu mbuzi wawili na mwana-kondoo mmoja, mahakama haikuwa na kesi hiyo mbele yake. Maneno yaliyosemwa yameandikwa yote, na faili limepelekwa kwa chombo chenye dhamana ya mambo hayo, yaani Kamati ya Kulinda Mazizi, ambayo mwenyekiti wake ni Mheshimiwa Fisi. Kikao cha kulijadili bado hakijaitishwa.